Ukurasa wa Mwisho wa Kiroboto na Jitu

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute na afya njema, wewe na wifi yako, na baridi ya huko iwe imepunguza ukali. Sisi ni wazima. Mke wangu anakusalimu. Anasema cherehani yake imeanza kukohoa kama mzee, lakini bado inashona. Kurasa zako zilifika Jumanne, bahasha imekunjika pembe moja tu, kwa hiyo leo tusiwaseme vibaya watu wa posta.

Nina habari, na nimeizungusha kichwani siku tatu nikitafuta pa kuishikia. Mhariri aliniita ofisini. Nilidhani anataka kulalamika tena kwamba tunachelewesha. Akanikaribisha kiti, akaniagizia chai, nikajua mambo yameharibika, maana katika miaka kumi na miwili mtu yule hajawahi kunipa hata maji. Akasema gazeti linapunguzwa kurasa. Kuanzia Oktoba hakutakuwa na nafasi ya hadithi ya picha. Kiroboto na Jitu wamalizike toleo la Septemba. Ya Machi iko tayari, na ya Aprili ndiyo hizo kurasa zako, kwa hiyo tumebakiwa na sehemu tano.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi, kwamba wasomaji wangefurahi sana wakiona wameoana. Nikamwuliza nani na nani. Akasema kwani kuna wengine? Nikamkumbusha kwamba Kiroboto ni binti mpeleka barua mwenye urefu wa goti, na Jitu ni jitu. Akanijibu kwamba mapenzi hayapimwi kwa futi.

Nilicheka njia nzima. Nilikumbuka, kabla hatujazoea kuitana kaka na mdogo, walivyokuwa wakituuliza sisi wawili kule karakanani, wewe ukishona vitabu mimi nikikata karatasi: nyinyi mtaoana lini? Hata mke wangu alikuuliza, kabla hajawa mke wangu. Ulipomjibu kwamba huwezi kuishi na mtu anayekula huku anasoma, alikuamini palepale, na mpaka leo ananinyang'anya kitabu mezani.

Niambie tufanye nini. Tangu uondoke, miaka tisa hii, maneno yanatoka kwangu kuja kwako na picha zinatoka kwako kuja kwangu. Sijawahi kuhitaji sababu nyingine ya kukuandikia. Naogopa kwamba sijui kukuandikia bila sababu.

Kaka yako

27 Februari

Kaka yangu,

Salamu nimezipokea, nazirudisha zikiwa nzima. Sijambo. Kichwa huniuma kidogo jioni, lakini kichwa changu unakijua, hakijawahi kunipenda. Wifi naye mzima. Tangu kaka yake, mume wangu, afariki tumebaki wawili humu ndani. Anarudi kutoka zamu hospitali, anavua viatu mlangoni, ananiuliza kama nimekula, kisha anajijibu mwenyewe kwamba sijala.

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama kwenye chumba cha kukunjia mashuka, mvuke wote ule. Msimamizi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila kuna watu wawili wamepewa mpaka Septemba.

Harusi hakuna. Mhariri akitaka harusi amwoze binti yake. Miaka kumi na miwili Jitu amembeba yule msichana begani na mfuko wake wa barua, wamevuka mlima kwa mvua na kwa jua, na hajawahi kumwuliza utanipa nini. Tukiwaoza leo tutakuwa tumesema kwamba safari yote ile ilikuwa foleni ya kusubiria harusi. Sikubali.

Mimi naona hivi. Barabara inachimbwa mlimani. Malori yanaanza kupeleka barua, na wapeleka barua kwa miguu hawahitajiki tena. Kiroboto anapata kazi mjini, dirishani posta. Jitu anamfuata, anatafuta pa kukaa. Watu wanampokea vizuri, wanamsalimia, watoto wanampenda. Ila hakuna mlango unaomtosha. Hakuna anayemfukuza, kaka. Ni mlango tu. Basi inabidi arudi mlimani, na Kiroboto anamsindikiza mpaka barabara inapoanza kupanda.

Naomba kitu kimoja. Punguza visanduku vya picha. Badala ya tisa kwa ukurasa nipe vinne. Nataka nyuso kubwa kubwa. Nimechoka kuchora jani moja moja.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi tu wazima, isipokuwa bosi karakanani amejikata kidole na sasa anatuongoza kwa kidole kilichofungwa bendeji, kila anachokionyesha kinaonekana muhimu.

Nimeusoma mlango wako. Kwanza machozi yalinilengalenga, halafu nikaona wivu kwamba si mimi niliyeufikiria. Maneno ya sehemu zote tano haya hapa. Ukurasa wa mwisho sijauandika. Kila nikiushika, nakiona kituo cha basi.

Unakikumbuka? Ile manga, kitabu cha katuni cha Kijapani, iliyoletwa karakanani imechanika mgongo, ambayo lugha yake hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Tukaanza kuisoma, haieleweki, watu wanapigwa kisha ndipo wanagombana, wanakula kisha ndipo wanapika. Ukawa wewe uliyegundua kwamba inaanzia nyuma. Na ule ukurasa wa mwisho: marafiki wawili, mmoja ndani ya basi, mmoja nje, na kiputo kimoja cha maneno juu ya yule wa nje. Tuligombana wiki nzima. Mimi nikasema anamwambia usinisahau. Wewe ukasema hapana, anamwambia umeacha mwavuli wako. Tukaishona, mwenyewe akaja kuichukua, na mpaka leo hatujui. Wiki ile ndipo uliponichorea kijikaratasi chenye msichana mdogo begani kwa jitu, ukaniambia nijaze maneno.

Nataka kiputo chetu cha mwisho kiwe kama kile, cha kugombaniwa wiki nzima. Lakini sikipati.

Mke wangu anasema mistari yako imenenepa. Nikamwambia huenda hata mwenyewe amenenepa, huko siagi ni nyingi.

Kaka yako

2 Mei

Kaka,

Salamu kwa wote. Mimi nipo. Hizi hapa sehemu tatu kwa mpigo, usije ukaniita mvivu. Sina la kuongeza, kazi ni nyingi.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko. Natumaini u mzima, maana kama u mgonjwa nitajutia ninayokuandikia.

Nimezitandaza kurasa zako mezani. Kiroboto ana mikono miwili ya kushoto. Kiraka cha bega la Jitu, ambacho watoto wa mtaani kwetu wanakijua kuliko majina ya shangazi zao, kimehamia bega jingine. Ukurasa wa tatu kuna daraja halina mto. Nimegeuza karatasi nikidhani mto uko nyuma. Watu wanatembea juu ya daraja wakitazama chini kwa hofu, na chini ni peupe.

Uliomba visanduku vichache nikakupa. Uliomba nyuso kubwa nikakupa. Lakini unachora kama mtu anayefunga duka, ameshazima taa, anasukuma wateja nje. Kama ulikuwa umechoka nao ungeniambia. Miaka kumi na miwili hawa watu wawili hawajawahi kukukosea. Mhariri ameziona, akasema ndiyo sababu nzuri ya kumaliza. Yaani tumempa haki.

Nakuomba uchore upya ukurasa wa tatu. Kama huwezi, niambie huwezi.

Kaka yako

8 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, na zaidi ya salamu, samahani.

Jana mke wangu alizichukua zile kurasa, akaziweka kwenye meza ya cherehani, akavaa miwani. Alizitazama kama anavyoitazama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, kwa ndani, kwenye mshono. Nikamwambia tazama alivyolipualipua kazi. Akasema, "Huyu hakuharakisha. Anayeharakisha huruka. Huyu amerudia, kila mstari ameupitia mara mbili tatu anautafuta." Nikamwuliza mtu anautafutaje mstari wake mwenyewe.

Akavua miwani. Akasema, "Haoni."

Nimempinga mpaka chakula kikapoa. Nimesema una macho ya mwewe, ulikuwa ukitunga uzi kwenye sindano tukiwa gizani umeme umekatika. Lakini nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Ndiyo maana uliomba nyuso kubwa? Ndiyo maana kichwa huuma jioni?

Kama mke wangu amekosea, nitukane kurasa nne, nastahili. Kama hajakosea, niandikie hata neno moja. Ile barua ya Mei, ichane.

Kaka yako

1 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu tena. Nimepiga simu mara nyingi, inaita mpaka inakata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nauogopa huo mshindo.

Karakanani leo wamenipa kitabu cha hesabu cha darasa la pili nikijalidi, nikakishona juu chini. Bosi hakunikemea, amekifumua mwenyewe. Nimeomba nitoke mapema, nimekaa kwenye benchi mbele ya posta kama vile barua yako ingetoka mlangoni yenyewe kwa miguu.

Sihitaji ukurasa wa tatu. Daraja lile limekwenda mtamboni bila mto wake, na hakuna msomaji aliyeuliza. Sihitaji chochote ila habari yako.

Kaka yako

20 Julai

Kaka yangu,

Mwandiko huu usikushtue. Ni mkono wa wifi. Mimi nasema, yeye anaandika, na amenionya kwamba upuuzi hauandiki.

Mkeo hakukosea. Mpe salamu zangu na mwambie ana jicho la pili. Ni presha ya macho. Ilianza miaka miwili iliyopita, pembeni, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka kuja katikati. Nilikuwa nikijigonga milangoni nikisema ni uzembe. Nilipofika kliniki daktari alisema kilichokwisha kwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Tumelinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Hakikulindika. Jicho la kulia liliondoka Aprili. La kushoto nilikuwa nikilitumia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikiona uso wa Jitu, siuoni mkono wa Kiroboto. Nikiupata mkono, uso umekwisha potea. Nilichora nikigeuza shingo kama kuku anayedonoa.

Mto niliuchora, kaka. Kumbe karatasi ilikuwa imekwisha na mimi naendelea. Niliuchora mezani. Wifi aliporudi kutoka zamu aliukuta mto mzima, na mawe yake, na mapovu, unashuka mpaka ukingo wa meza. Aliusugua kwa sabuni bila kuniambia. Nimejua baada ya barua yako.

Sikukuambia kwa sababu nilikujua. Ungeanza kuniandikia visanduku rahisi. Ungemkalisha Jitu chini kila ukurasa ili nisihangaike na miguu yake. Barua yako ya Mei ilinichoma, nisiseme uongo, na ndiyo maana nilinyamaza. Lakini baadaye nilimwomba wifi anisomee tena, maana ndiyo barua ya mwisho ambayo mtu amenikaripia kama mchoraji. Sikuichana.

Sehemu mbili zilizobaki zimo humu. Nilizimaliza Juni kabla ya jicho la kushoto nalo kuaga. Unakosekana ukurasa mmoja tu, ule wa mwisho, kwa sababu wewe hukuniletea maneno yake na mimi sikuwa na siku za kukusubiri. Sikulaumu. Nasema tu ilivyokuwa.

Sasa naona mwanga dirishani na kivuli cha mtu akipita. Basi.

Mdogo wako

Shemeji, ni mimi wifi yake. Usimwandikie barua za kilio, mimi ndiye ninayezisoma kwa sauti na nina zamu alfajiri.

9 Agosti

Mdogo wangu, na wewe wifi unayesoma,

Nawasalimu wote wawili kwa heshima. Nimekatazwa kulia, basi nitaeleza tu yaliyotokea.

Barua yenu niliifungulia karakanani. Nilisoma mpaka kwenye ule mto, nikaikunja, nikaenda kusimama nyuma ya mashine ya kukatia karatasi ambako kuna kelele. Bosi akaja, akasimama pembeni yangu, naye akajifanya anakagua kisu. Tulikagua kisu kwa muda mrefu.

Maneno ya ukurasa wa mwisho yangekuwa tayari Machi ungewahi kuuchora. Mimi nilitaka kiputo cha kugombaniwa. Nilidhani tuna muda wa kugombana. Hilo nitalibeba mwenyewe, usiniondolee.

Mhariri nimemweleza. Alivua kofia, na sikujua kwamba chini ya kofia ana upara. Amependekeza mtu wa kuuchora ukurasa huo. Ni mama mmoja mtu mzima, amechora matangazo ya dawa ya meno maisha yake yote. Nimeona kazi yake, mkono wake ni safi. Lakini nikimwazia Jitu akiwa na meno meupe vile, moyo unakataa. Amua wewe.

Na jambo jingine. Rudi nyumbani. Mke wangu amekwisha kuhamishia cherehani sebuleni, chumba kile kina dirisha la asubuhi na mlango wa karibu na bafu. Hakuniuliza, nimerudi nikakuta anasukuma meza. Tutakuja kukupokea wote wawili. Wifi naye aje, tumwone huyu anayetukataza kulia.

Kaka yako

28 Agosti

Kaka yangu,

Tumezipokea salamu, na wifi amesema hakutegemea kusalimiwa, akaisoma tena salamu hiyo kabla ya kuendelea.

La kurudi nitakujibu, lakini si leo.

La ukurasa: chora wewe.

Usikatae kwanza, sikiliza. Yule mama atachora vizuri, na ukurasa mzuri uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kuwapenda sitaki. Wewe hujui kuchora hata yai, najua, nimeona mayai yako. Lakini unawajua. Chukua penseli laini, ishike mbali na ncha. Anza na miguu ya Jitu, kwa sababu mtu mkubwa ukianzia kichwani karatasi itakwisha kabla hajafika chini. Miguu iwe mipana. Goti moja limegusa ardhi, maana ameinama, anataka uso wake ulingane na wa Kiroboto. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akimwona kwa pembeni tu, kutoka begani. Leo ndiyo mara ya kwanza wanatazamana. Kiroboto mchore mgongo, itakuepusha na uso wake, na mfuko wa barua uko mtupu. Nyuma chora barabara. Barabara ni mistari miwili, hata wewe utaiweza. Usichore milima, utaiharibu.

Na kwa kuwa wewe unachukua kazi yangu, mimi nachukua yako. Kiputo ni cha Kiroboto. Nimekiwaza jikoni, nikiwa nimekaa na mwanga wangu wa dirishani. Anasema hivi:

"Sasa nikiona kitu, nitamwambia nani?"

Jibu la Jitu ni lako.

Mdogo wako

Shemeji, mimi katuni sizijui. Lakini hayo maneno niliyaandika mara mbili, ya kwanza mkono uliteleza.

30 Septemba

Mdogo wangu na wifi yetu,

Salamu nyingi. Gazeti limetoka, na limo humu ndani ya bahasha. Nieleze lilivyofika huko.

Nilichora siku kumi na tatu. Nilianza na miguu kama ulivyosema. Ya kwanza ilifanana na maboga. Ya pili mke wangu alidhani ni viti. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikachukua nyingine. Goti la kuinama lilitoka kama kona ya meza, na limebaki hivyo hivyo. Kiroboto mgongo wake umekaa sawa, nadhani, isipokuwa shingo imerefuka. Barabara ni mistari miwili. Ni kweli niliiweza.

Halafu nikafika kwenye uso wa Jitu. Sikuwa nimekuuliza uso. Nilikaa nao siku nne. Mwishowe sikuchora macho ya majitu, nilichora ya bosi wangu siku ile tukikagua kisu.

Mhariri aliushika ukurasa kwa ncha za vidole. Akasema wasomaji watacheka. Nikamwambia wacheke. Akasema yule mama anaweza kuusafisha kwa saa moja. Nikamsomea kiputo. Akauweka mezani, akausukuma upande wa kazi za kwenda mtamboni, akaanza kunizungumzia habari za hali ya hewa.

Jibu la Jitu niliandika mara nyingi. La kwanza lilikuwa refu, lilikuwa na mlima unaosikia na upepo unaopeleka salamu. Nikalikata. La pili alisema, "Niambie mimi." Nikaona anadanganya, maana hatakuwepo. Mwisho nimemwacha hana kiputo. Ameinama tu, anamtazama. Kama nimekosea uniambie.

Wasomaji wachache walicheka, hilo nikiri. Lakini Jumatatu nilimkuta muuza magazeti wa kona yetu amelikunjua kwenye ukurasa ule, watu watatu wamesimama wanabishana. Mmoja anasema Jitu atarudi. Mwingine anasema harudi, tazama goti, mtu anayerudi hapigi goti. Nikapita bila kusema mimi ni nani.

Chumba bado kinakusubiri. Hujanijibu.

Kaka yako

3 Novemba

Kaka yangu,

Salamu kwako na kwa mke wako. Nimeandika mwenyewe. Wifi amekata dirisha refu kwenye kadi ngumu, naliweka juu ya karatasi na kuandika ndani yake, kisha nalishusha. Kama mistari imepandana usome hivyo hivyo. Nimetumia siku sita.

Ukurasa wako ulifika. Wifi alinishika kidole akakipitisha juu ya kila kitu. Alisema hapa goti, linafanana na kabati. Hapa shingo ya twiga. Alipofika usoni akakisimamisha kidole. Nikamwuliza uso ukoje. Akasema, "Wifi, huu uso umelia." Basi nikajua umechora vizuri. Kumwacha bila kiputo ni sawa. Ningefanya hivyo hivyo.

Sasa la kurudi. Siji, kaka.

Nimelizungusha tangu Agosti. Nyumba hii niliiona kwa macho yangu kabla hayajaondoka. Nikiamka najua dirisha liko wapi na rangi ya mlango ni ipi. Najua kikombe cha marehemu kilivyopasuka mpini. Humu ndani bado naona. Huko kwenu sijakuona miaka tisa. Mkeo amehamisha cherehani, mtaa umejengwa, wewe mwenyewe una mvi ambazo sijawahi kuziona. Nikija nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni mtu anayeishi kwake. Tena nikiondoka, wifi hawezi kujiuliza mwenyewe kama amekula.

Usije na wewe kunichukua. Nakujua. Kunililia nimekuruhusu, mara moja, na wifi atasoma hata kama ana zamu.

Mwambie mke wako arudishe cherehani kwenye dirisha la asubuhi. Macho yake ayatunze.

Na yule mama wa dawa ya meno, nenda ukamwone. Mhariri hana nafasi lakini magazeti si moja. Usimpe Kiroboto wala Jitu, hao wameagana na waachwe hivyo. Mtafutie watu wengine. Mwandikie visanduku tisa kwa ukurasa, na majani ya miti, na umati sokoni, kila kitu nilichokukataza. Akikosea mkono umkaripie kama ulivyonikaripia mimi.

Ikitoka ya kwanza, nitumie. Wifi atanisomea maneno. Picha nitazichora mwenyewe.

Mdogo wako